Mji Ulivyomnyamazisha Yanyan

Kwa wewe unayeikuta leo simulizi hii njiani, mambo yako hivi. Mimi ni mtangazaji wa redio hapa Panabo. Hewani naitwa Dalugdog, yaani Ngurumo. Nyumbani ni Rodelio. Mwanangu wa pekee, Yanyan, alifariki kwa homa ya dengi msimu wa mvua uliopita. Alikuwa na miaka sita.

Kabla hajaugua nilimrekodi studio akicheka na kusema, "Baba, ongeza." Yalikuwa maneno yake kila nilipofungua muziki nyumbani. Nikayafanya kibwagizo cha kufungulia kipindi changu.

Kule Davao kulikuwa na fundi pikipiki mmoja aliyekuwa akinirekodi kutoka redioni. Jina lake la muziki ni Tambok. Akaichukua ile sauti, akaitia kwenye midundo yake ya budots, ile ya haraka yenye filimbi za mashine. Wimbo ukalipuka. Mwanangu yuko kaburini, kicheko chake kiko kwenye kila pikipiki ya abiria.

Sehemu iliyopita niliwaacha gerejini kwa Tambok. Nilikuwa nimekwenda na hasira zangu zote. Kabla sijafungua mdomo, akanipokea kwa tabasamu: "Kaka Dalugdog, karibu sana. Binti hajambo? Nimemnunulia zawadi."

Nikamwambia.

Tambok maana yake ni kibonge, lakini mwenyewe amekonda kama ufito. Alikuwa ameshika spana. Aliiweka chini polepole, kama anaogopa itatoa sauti.

"Lini, kaka?"

"Kabla hujautoa wimbo."

"Kwa hiyo mimi nilipokuwa nakaa hapa nacheza na sauti yake..."

"Alikuwa ameshazikwa."

Alikaa juu ya tairi. Mke wake alikuwa dirishani anamenya vitunguu saumu, akaacha kumenya.

"Nisamehe. Nilidhani yupo tu, mzima. Kila saa nane mchana nilikuwa namsikia. Mpaka mwanangu alikuwa anamjibu."

"Ungejuaje."

"Naufuta," akasema. "Leo hii. Kila mahali." Akainuka kuelekea kwenye kompyuta yake, iliyokaa katikati ya minyororo na makopo ya oili. Akasita. "Lakini kaka, mama yake anasemaje?"

"Mama yake ndiye anayeumia kuliko mimi."

Nilijibu bila kufikiri. Nilikuwa na ushahidi, au nilidhani ninao. Tangu wimbo ule uanze, mke wangu Neri hakai nyumbani mchana. Jirani akishaufungua tu, yeye huyoo, anachukua mwavuli, anatoka, harudi mpaka jua linazama. Nilimwona kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

Tambok akabonyeza, akabonyeza tena. Wimbo ukafutika mtandaoni mbele ya macho yangu. Zawadi sikuitaka hata kuiona. Aliisukuma chini ya meza kwa mguu.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo hakuna aliyenituma.

Lazima mjue kwamba mimi ndiye niliyewazoesha watu wa Panabo muziki huu. Vituo vingine vilipousema kuwa ni kelele za wahuni wa vichochoroni, mimi nilisimama getini kwetu, Redio Kidlap, nikipokea nyimbo kwa mkono. Zimetengenezwa kwenye vibanda vya intaneti, gerejini, chini ya ngazi za watu. Sikuwauliza waliozileta wana kampuni gani. Nilizipiga hivyo hivyo na mikwaruzo yake. Nikisema sikiliza, mji unasikiliza.

Basi saa nane mchana nikafungua kipaza sauti.

"Ndugu zangu," nikasema, "leo hamna utani. Yule msichana anayecheka kwenye wimbo mnaoupenda ni binti yangu. Anaitwa Rhianne, sisi tulimwita Yanyan. Hayupo tena duniani. Mama yake anamsikia kila kona anayopita. Nawaomba mumwache apumzike."

Meneja wetu, Madamu Cion, ndiye aliyekuwa akinilazimisha niupige kila siku kwa sababu wasikilizaji waliutaka. Nilimwona nyuma ya kioo ameziba mdomo. Kisha akafanya ishara ya msalaba.

Nilidhani nusu ya mji itanipuuza. Nani anaacha wimbo wa kuchezea kwa sababu ya machozi ya mtangazaji?

Panabo wakanitii wote.

Nilipotoka kazini, muuza ndizi za kuchoma wa pale nje alikuwa amezima spika yake. Madereva wa pikipiki za abiria walikuwa wamejipanga, kila mmoja na simu yake, wanafuta. Nyumbani nikakuta mishumaa getini na maua ya sampagita. Mtu ameacha sahani ya wali wa kunata, ameifunika kwa jani la mgomba.

Nikalia barabarani. Nikasema watu bado wana utu.

Neri alikuwa ameketi sebuleni. Amevaa nguo ya kutokea, mwavuli uko mapajani.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia."

"Leo hutoki?"

Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza kwa lugha ya kigeni. "Niende wapi?"

Nikadhani ndiyo nafuu yenyewe inaanza hivyo.

Haikuwa nafuu. Siku zilizofuata hakutoka kabisa. Alivaa, akachukua mwavuli, akakaa. Ukifika mchana anainamisha kichwa upande wa dirisha, kama mtu anayemsikilizia mgeni. Nikimpa chakula anakula. Nikimuuliza anajibu. Lakini ilikuwa kama naongea na nguo zake.

Na kule mjini, heshima ikageuka kitu kingine.

Nilikisikia kwanza kwa muuza ndizi. Alikuwa anamwambia mteja kwa sauti ya chini, hajui niko nyuma yake. "Mtoto amekufa halafu anasema ongeza. Aongezwe nini? Fikiria mwenyewe. Anataka aongezewe wenzake."

Maneno hayo yalitembea haraka kuliko wimbo wenyewe. Watoto walioshika mazoea ya kusema "Baba, ongeza" wakaanza kupigwa makofi ya mdomo na mama zao. Mwanamke mmoja aliniona sokoni, akamvutia mtoto wake nyuma ya sketi. Mimi, Dalugdog, niliyewahi kuombwa nibarikie harusi hewani.

Sikumwambia Neri. Nilidhani namkinga.

Aliyenifungua macho ni Mzee Berting, dereva wa pikipiki yenye kibanda cha pembeni. Alinisimamisha mbele ya kituo cha mabasi.

"Mwanangu, mkeo mzima?"

"Mzima, mzee. Kwani vipi?"

"Simwoni. Nilimzoea."

"Umzoee wapi?"

Akanishangaa. "Hukujua? Kila mchana alikuwa ananikodi mimi. Tunazunguka. Sokoni, hapa stendi, mpaka kule wanakopakia ndizi, tunarudi. Hashuki popote."

"Alikuwa anaukimbia wimbo," nikasema.

"Anaukimbia?" Mzee Berting akazima injini. "Mwanangu, tulikuwa tunaufuata. Akiusikia umeanza mahali ananigonga bega. Kule mzee, kule. Tunakwenda, tunasimama pembeni, unaisha. Anasema, haya, twende tuutafute tena."

Nilisogea karibu na pikipiki yake.

"Alikuwa analia?"

"Kulia? Alikuwa anatabasamu. Siku moja pale shuleni watoto walikuwa wanacheza, magoti yanafunguka na kufungika kama mnavyocheza huo muziki wenu. Wote wanapiga kelele, Baba, ongeza. Akaniambia, mzee, sikia wenzake walivyo wengi." Akajifuta uso kwa kofia. "Ulipotangaza, nami nikaufuta. Nilijua mmekubaliana."

Nilikwenda nyumbani kwa miguu. Sikumbuki njia.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza Neri.

Hakuuliza nimeambiwa na nani. "Hukuniuliza. Uliongea na fundi wa Davao. Ukauomba mji mzima kwenye redio. Mimi hukuniuliza."

"Nilidhani unakimbia."

"Nilikuwa nakimbia. Nyumba hii ndiyo nilikuwa naikimbia. Humu hayumo. Kitanda chake hakina mtu, kikombe chake hakina mtu. Nje alikuwepo. Nikimsikia kwa mbali najiambia yuko kwa watu, anacheza, akichoka atarudi. Wewe ukaenda ukawaambia watu wote kwamba amekufa."

"Neri, amekufa."

"Najua amekufa. Mimi ndiye niliyemvalisha."

 Jirani alikuwa anapasua kuni, kila shoka likianguka Neri anafumba macho.

"Nirudishie, Rodel," akasema.

Tangu mtoto azaliwe mke wangu hajawahi kuniita kwa jina langu. Nilikuwa Baba Yanyan. Nilisimama pale kama mtu aliyevuliwa shati mbele za watu.

Nikaanza kukitafuta kile nilichokizika.

Rekodi yangu ya mwanzo ilishapotea. Radi iliunguza kompyuta ya kituo mwezi uleule wa msiba. Nikampigia Tambok.

"Kaka, nimefuta kila kitu," akasema. "Vipande vyote. Nilimleta na padri akanibarikia mashine."

"Utengeneze tena."

"Nitengeneze kwa sauti ipi?"

 Nikamsikia anapumua. "Nisamehe, kaka," akasema, mara ya pili, na safari hii sikumwambia ungejuaje.

Mtandaoni yalikuwepo yale ya kuiga. Watu wa mbali huko waliuchukua wimbo wakaukatakata, wakaivuta sauti mpaka imekuwa ya panya. Nilimletea Neri simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anayesikiliza mahubiri ya dini nyingine. Akanirudishia.

"Huyo si mwanangu."

Nikaingia mjini kuomba. Nilianza na muuza ndizi.

"Ule wimbo," nikamwambia. "Bado unao?"

"Wimbo upi, kaka?"

"Acha mchezo. Umeuza ndizi nao miezi yote hii."

"Sina. Naapa mbele ya Mungu. Nilifuta mke wangu akishuhudia." Akanionyesha simu yake kama anayekaguliwa na polisi. "Tazama mwenyewe. Hata flashi nimeivunja."

"Sikukagui. Naomba. Nautaka."

Akarudi nyuma hatua moja. Mkaa ukamchoma mkono, hakusikia. "Unautaka wa nini, kaka?"

Ikawa hivyo kila mahali. Wengine walidhani nawajaribu. Wengine waliniangalia kama mtu aliyekuja kudai roho. Mwanamke wa duka la simu alinifungia mlango, na nilikuwa nimetangaza duka lake bure mara kadhaa. Nilipokuwa nauchukia, mji mzima ulinipa. Sasa naupigia magoti, hakuna.

Nikaona bora niombe hewani. Madamu Cion alinikuta nimeshakaa kitini.

"Unataka kusema nini leo, Rodel?"

"Nataka kuomba mwenye nakala aniletee."

"Hapana." Akavuta kiti akakaa mbele yangu. Hakuwa na ukali, na hilo liliniumiza zaidi. "Mtoto wa watu amelazwa tangu juzi. Dengi. Mjukuu wa Bibi Felisa wa nyuma ya kanisa. Unajua watu wanasema nini?"

"Dengi inaletwa na mbu, Madamu."

"Mimi najua. Wewe unajua. Wadhamini wangu wamepiga simu asubuhi nzima, hawataki kusikia habari za mbu. Ukiutaja tena ule wimbo hewani, acha funguo mezani."

Nikapiga nyimbo zangu za siku ile bila kusema neno. Mtangazaji asiyesema. Wasikilizaji walituma ujumbe kuuliza kama nimekufa.

Jumamosi asubuhi, nikiwa nafagia uwanja, Bibi Felisa mwenyewe akasimama getini.

Namfahamu. Mjukuu wake, Kaycee, alikuwa darasa moja na Yanyan, walikuwa wakigawana penseli. Nikajua amekuja kutulaani. Majirani nao walijua hivyo. Mapazia yalicheza upande huu na upande ule.

"Mama, ingia," nikamwambia. "Mtoto anaendeleaje?"

"Bado." Hakuingia. Alikuwa amebeba kitu ndani ya leso, amekishika kama kiazi kilichotoka jivuni. "Mkeo yupo?"

"Nieleze mimi, mama."

"Wewe sikutaki. Namtaka mama yake yule mtoto."

Neri alikuwa ameshasikia. Akatoka, akasimama kwenye kizingiti.

Bibi Felisa akafungua leso. Ndani mlikuwa na simu ndogo iliyopasuka kioo, imebandikwa picha ya paka.

"Ni ya Kaycee," akasema. "Wote tulifuta, yeye akatuficha. Aliuweka wimbo wenu humu. Homa ikipanda anauweka sikioni. Nimemnyang'anya amelala."

 Siku zote nilizotembea nikiomba, na kumbe ulikuwa chini ya mto wa mtoto, katika wodi ile ile tuliyotokea sisi mikono mitupu.

"Na umetuletea," nikasema. "Mungu akubariki, mama."

"Sikuwaletea mkae nao. Nimeuleta ufutwe."

"Si ungeufuta mwenyewe."

"Mikono yangu imekataa." Akamgeukia Neri, na sauti yake ikawa ndogo. "Mwanangu, mimi sina ugomvi na mtoto wako. Alikula kwangu, nilimsuka nywele. Lakini naomba umwambie atulie. Wewe ndiye uliyemzaa, wewe atakusikia. Ufute, umwambie amwachie wangu."

Neri akanyoosha mkono. Bibi Felisa akampa ile simu pamoja na leso yake.

Mke wangu hakuitazama kwa muda mrefu. Akaugusa wimbo kwenye kioo.

Yanyan akacheka ndani ya uwanja wetu.

Kicheko kile cha kuvuta pumzi katikati. Kisha, "Baba, ongeza," na midundo ikaingia. Bibi Felisa akaziba masikio. Ufagio ulinidondoka. Niliutambua hata mlio wa kiti cha studio nyuma ya sauti yake, kile kiti alichokuwa anakizungusha nikimkataza.

Neri aliuzima kabla haujafika katikati. Uso wake ulikuwa umerudi. Sijui nieleze vipi zaidi ya hapo. Ulikuwa haupo, ukarudi.

"Kaycee mwenyewe anasemaje?" akauliza.

"Ni mtoto, ana homa. Maneno ya homa."

"Anasemaje, mama?"

Bibi Felisa akatazama chini. "Anasema Yanyan yupo naye kitandani. Wanacheza."

"Anaogopa?"

"Haogopi. Hicho ndicho kinachonitisha."

Simu ikaita mkononi mwa Neri. Sote watatu tukaruka. Alikuwa binti yake Bibi Felisa, mama wa Kaycee, anapiga kutoka wodini. Sauti yake ilitoka kubwa kwenye kile kioo kilichopasuka.

"Mama, umeipeleka wapi simu ya mtoto? Ameamka anaitafuta. Amechomoa sindano ya maji. Hanywi, hataki kushikwa na mtu. Daktari anasema asipokunywa sasa hivi... Mama, upo?"

Neri akaisogeza simu mdomoni.

"Si mama yako. Ni mama Yanyan. Mwambie Kaycee anywe kidogo. Mwambie namletea."

 Kisha yule mwanamke akasema kwa sauti iliyokauka, "Usije huku. Nakuomba dada, usimlete huyo mtoto wako huku," na nyuma yake, kwa mbali, nikamsikia Kaycee analia akiuliza, "Anakuja? Anakuja lini?"

Simu ikakatika.

Neri alikuwa ameshavaa viatu. Wodi ile aliapa hatakanyaga tena maishani, na sasa anafungua geti.

Bibi Felisa akanikamata kifundo cha mkono. Kwa mwanamke wa umri wake, vidole vilikuwa chuma. "Mzuie mkeo. Wewe ni mwanamume wa nyumba hii, mzuie. Mjukuu wangu akifa leo, nitasema mbele ya mji wote ni nani aliyempelekea."

"Washa pikipiki," akasema Neri kutoka barabarani. Hakugeuka nyuma.

Mapazia yote ya mtaa yalikuwa wazi. Mke wangu amesimama kule na sauti ya mwanetu mkononi, Bibi Felisa amenining'inia huku, na ufunguo wa pikipiki ulikuwa mfukoni mwangu.